Mchana Sili, Usiku Namaliza Sufuria

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 36, nauza mchele kwenye fremu hapa Mwanjelwa, naishi Uyole na watoto wangu wawili. Mume wangu ni dereva wa malori ya Zambia na Kongo, nyumbani anakuja siku chache kwa mwezi. Tangu mwaka jana nina mikopo miwili: wa kikundi, tunarejesha kila Jumatano, na mwingine wa kausha damu, wa kila siku. Asubuhi nakunywa chai ya rangi tu kwa sababu nataka kupungua, saa 10 nikizidiwa nanunua andazi na soda. Jioni napakulia watoto, mimi naonja mchuzi. Wakilala napiga hesabu ya mauzo na marejesho, nikimaliza naingia jikoni. Nakula kiporo chote nikiwa nimesimama, nakwangua na ukoko taratibu ili kijiko kisigonge wakaamka. Kikiisha nahamia kwenye mkate na siagi. Njaa sina, ila siwezi kuacha. Nimetoka kilo 71 mpaka 84. Nimejaribu kuacha wali, nimekunywa chai ya kupunguza mwili niliyoagiza kwa simu, kanisani nimeambiwa nifunge nishinde roho ya ulafi. Nikijitahidi siku kadhaa, Jumatano ikifika naharibu. Mama mkwe yeye anasema nimenawiri. Nifanye nini, na nipunguze kilo ngapi kwa mwezi?

JIBU: Marahaba, dada yangu.

Kuna maneno mawili kwenye barua yako ambayo siyakubali: "njaa sina". Njaa unayo, tena ya kutwa nzima. Mtu aliyeamka alfajiri, akasimama kwenye fremu, akanyanyua magunia na kubishana bei na wateja, kisha akafika saa 4 usiku akiwa na andazi moja tumboni, mwili wake unamdai. Huisikii kwa sababu umeizoea, na kwa sababu mawazo yameifunika. Ukionja kijiko kimoja cha wali, inaamka yote.

Sisemi mawazo hayahusiki. Yanahusika sana na nitayafikia. Ila ushauri mwingi unaosambaa kwenye simu huanza kwa kukuuliza kama hiyo ni njaa ya tumbo au ni njaa ya moyo, kana kwamba lazima iwe moja. Njaa ya tumbo huja polepole na haichagui: ukiwekewa ugali na mchicha unakula na unashukuru. Uchu unaoletwa na mawazo huja ghafla, unataja chake kwa jina, wali wenye mafuta, mkate, kitu kitamu, na hata ukishiba haukuambii basi. Tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini kwako wewe zote mbili zinaingia jikoni saa ileile, na huwezi kuzitenganisha mpaka kwanza uwe mtu aliyekula mchana. Ndiyo maana mimi naanzia tumboni.

Mwaka 1944 huko Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwakusanya vijana 36 wa kiume waliojitolea, waliochaguliwa kwa uzima wa mwili na utulivu wa akili. Mwaka uliofuata aliwapunguzia chakula kwa wiki 24, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Kukonda kulitarajiwa. Kilichowashtua watu ni mengine: vijana wale wakawa hawana habari nyingine ila chakula. Walikiota, walikizungumza mchana kutwa, wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi na kulamba sahani. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mpaka tumbo likawauma, na bado wakasema hawajatosheka. Hawa hawakuwa na marejesho ya Jumatano, na sidhani kama kuna mchungaji angewaombea roho ya ulafi iwatoke. Mwili ulionyimwa ndivyo unavyofanya, wa msomi na wa muuza mchele.

Kwa hiyo Alhamisi unapoamka na aibu, ukaapa kwamba leo huli kitu mpaka jioni, umeshauandaa usiku wa Alhamisi.

Sasa tuje kwenye mawazo. Kwetu inajulikana kwamba mwenye mawazo hukonda. Ni kweli kwa mshtuko. Ukipigiwa simu kwamba lori la mumeo limepata ajali Kitonga, siku hiyo hata maji hayapiti, kwa sababu homoni ya adrenalini hulifunga tumbo na kupeleka damu kwenye misuli. Lakini deni si mshtuko wa siku moja. Hofu ikikaa wiki na miezi, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni nyingine, kotisoli, ambayo huusukuma mwili ujaze akiba, kana kwamba umetoka kukimbizwa, wakati wewe kutwa ulikuwa umesimama palepale ukisubiri afisa mikopo apite. Hamu ya kula inapanda, hasa kwa vyenye sukari na mafuta, na akiba yenyewe hupenda kukaa tumboni. Na vyakula hivyo kweli vinatuliza kichwa kwa muda, tusidanganyane. Kama visingetuliza usingevirudia. Ubaya ni kwamba utulivu wenyewe unaisha kabla hujaosha sufuria, deni liko palepale, na juu yake umeongeza aibu.

Unalala saa ngapi? Hukuandika, ila mtu anayepiga hesabu watoto wakishalala, kisha akala, na alfajiri awahi daladala, hawezi kuwa analala vya kutosha. Usingizi mfupi hupandisha ghrelini, homoni inayotoka tumboni kuita njaa, na hushusha leptini, ile inayouambia ubongo kwamba akiba ipo. Halafu kuna baridi yetu. Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na ndani ya nyumba penye joto ni jikoni tu. Wateja wangu wengi huongezeka uzito miezi hiyo na hakuna anayeihesabu baridi.

Nirudi kidogo kwa mama mkwe, maana hapo pana jambo zito kuliko kilo. Ungekonda, watu wangekuuliza una nini. Mama mkwe angekuja kukaa wiki nzima, majirani wangepika uji. Wewe umeongezeka, kwa hiyo wanakupongeza: biashara inakubali, mume anatunza. Mwili wako unasema kinyume cha hali yako, na kila anayekusifu anazidi kukufungia mlango wa kusema kweli. Humjibu mama mkwe kwa kubishana. Mwambie, "Asante mama, ila siku hizi nachoka sana," halafu nyamaza, umwache aulize yeye.

Haya, ufanye nini. Umetegemea nikupe orodha ya vya kuacha. Wiki mbili za kwanza sitaki uache chochote isipokuwa ile chai ya kupunguza mwili. Nataka uongeze.

Asubuhi ule kitu kinachotafunwa. Viazi vitamu au magimbi uliyochemsha jana yake jioni, na yai. Au uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga. Kama alfajiri koo halipitishi kitu, ambalo ni kawaida kwa mtu aliyekula usiku wa manane, beba, ule ukishafungua fremu, kabla soko halijachangamka. Saa 7 ule mlo kamili: wali maharage na mboga za majani kwa mama ntilie wako, au ugali na dagaa. Ndiyo, wali. Kutwa umezungukwa na magunia ya mchele wa Kyela na wa Mbarali, unaupima, unaumiminia wateja mkononi wasikie unavyonukia, halafu umejikataza usiuguse. Huo mtihani hata mimi ningefeli. Saa 10, wakati wa lile andazi, uwe na ndizi mbivu mbili au karanga za kujaa kiganja, na msimu wa maparachichi ukifika, basi parachichi la Rungwe na chumvi kidogo. Soda ukiitaka kunywa, ila isiwe ndiyo chakula. Angalia kwamba kila mlo nimeweka maharage, yai, dagaa au karanga. Hizo ndizo zinazoichelewesha njaa. Chai na andazi peke yake haikushikilii hata kwa muda wa saa mbili.

Jioni usipakulie watoto kisha ukabaki unaonja mchuzi. Kaa nao, sahani yako iwe mbele yako, mle wote watatu.

Najua utakalosema: nitanenepa zaidi. Usiku wa kwanza na wa pili huenda ukala mchana na bado ukaimaliza sufuria, kwa sababu mwili uliozoea kunyimwa hauamini mara moja. Usiache. Mwili ukiona kwamba mlo wa mchana unakuja kila siku, njaa ya usiku inaanza kulegea yenyewe, na sahani moja ya wali maharage ni ndogo kuliko kiporo, ukoko na nusu ya mkate. Nashuku pia, na utanisamehe kama nimekosea, kwamba hela ya chakula cha mchana ndiyo inayokwenda kwenye kausha damu. Kama ni hivyo, beba chakula kwenye hotipoti. Unachokitoa usiku kwa mkate na siagi kinatosha kununua maharage ya wiki.

Halafu usiku wenyewe. Huo uchu utakuja, usijidanganye kwamba hautakuja. Ukija, usijipige marufuku. Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliyefanya kazi na watu waliokuwa wakiacha pombe na sigara, aliwafundisha kitu kinachofaa hapa: uchu ni kama wimbi, unapanda, unafika kileleni, unashuka wenyewe hata usipoutii. Mtu asiyejua hilo hudhani utapanda mpaka umpasue, kwa hiyo anautii mapema. Wewe jiambie, nitakula, ila baada ya dakika 10. Ndani ya dakika hizo chemsha maji, tia miguu kwenye beseni, ujifunike kanga na blanketi. Au mpigie mumeo, saa hizo huenda yuko kwenye foleni Tunduma naye hana la kufanya. Dakika 10 zikiisha na bado unataka, kula, ni ruhusa ya kweli, sikutegi.

Lakini kwa masharti haya. Washa taa. Pasha chakula. Kipakue kwenye sahani, funika sufuria, kaa kwenye kiti. Kijiko kikigonga, kigonge. Mtoto akiamka akakuta mama anakula, amekuta mama anakula, si kosa la jinai. Mtu anayekula kwa kujificha hula upesi na haoni kiasi, na ishara ya kushiba huchukua kama dakika 20 kutoka tumboni hadi kichwani, kwa hiyo sufuria inaisha kabla ujumbe haujafika. Kuna wanaoniambia sharti la sahani ni dogo mno. Kwa ninavyoona mimi, sharti hili peke yake huwasaidia watu kuliko daftari zote za kuhesabu kalori. Kukwangua ukoko gizani na kula ukiwa umekaa mezani ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama wali ni uleule.

Tuje kwenye Jumatano. Soma tena ulivyoandika: watoto wakilala, napiga hesabu, nikimaliza naingia jikoni. Hapo pana mpangilio, dada. Unaliangalia pengo la pesa saa ambayo huwezi kufanya lolote kulihusu. Duka limefungwa, wadaiwa wako wamezima simu, mwenyekiti wa kikundi amelala. Umebaki wewe, daftari na jiko. Hamisha hesabu. Ipige saa 11 jioni ukiwa bado kwenye fremu, kuna watu wanapita, kuna jirani wa kumtania, na kama pengo lipo bado una muda wa kumpigia aliyekopa gunia mwezi uliopita. Ukifunga daftari, lilale dukani. Nyumbani lisiende kabisa. Katika yote niliyokuandikia, ukitaka kuanza na moja, anza na mlo wa mchana; ukitaka mawili, hili la hesabu ni la pili.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hilohilo la duka, kila ukila kwa namna unayoijutia, andika kesho yake mistari mitatu: ilikuwa saa ngapi, mlo wa mwisho niliula lini, nini kilitokea kabla. Usiandike ulikula kiasi gani. Baada ya wiki tatu hivi ule ukurasa utakuambia zaidi ya ninavyoweza kukuambia mimi. Mmoja atagundua ni siku za marejesho, mwingine kila anapozungumza na ndugu fulani, mwingine Jumapili jioni nyumba ikiwa kimya.

Mimi ni mtu wa lishe, mambo ya fedha si fani yangu, lakini nitakuwa mwongo nikikufundisha kula viazi na kulinyamazia deni. Barua yako haisemi kama mumeo anaujua mkopo wa pili. Kwa ulivyoandika, nadhani haujui. Nimeona hili mara nyingi: mwenye deni la siri huwa na ulaji wa siri, na kimoja kikitoka nje, kingine nacho hupungua nguvu. Kama mumeo ni mtu wa kuongea naye, chagua siku akiwa nyumbani, mchana, ameshapumzika, umwekee mezani karatasi moja yenye madeni yote: kiasi, kwa nani, kinaisha lini. Usimwambie kwa simu akiwa barabarani na tani 30 nyuma yake. Kama unahofia atakuumiza, basi usianze na yeye, anza na dada yako au mtu unayemwamini kikundini. Mwenyekiti wa kikundi mwendee kabla ya Jumatano, siyo Jumatano yenyewe. Vikundi vingi humvumilia anayesema mapema kuliko anayezima simu. Na usikope pengine ili kulipa kausha damu. Mkopeshaji wa namna hiyo anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mwombe uione, na uombe nakala ya mkataba uliosaini. Wengine wakishaulizwa hivyo tu sauti inashuka.

Kuhusu kanisani. Sitabishana na mchungaji kuhusu maombi. Ila kufunga kwa sasa kusubiri, kwa sababu wewe tayari unafunga kila siku mpaka saa 10, na matokeo yake umeyaona. Mwambie mchungaji wako hivyohivyo, kwamba umeshauriwa kula mchana kwa sababu za kiafya. Wengi wataelewa. Tena kama ulikuwa kwenye kwaya ukaacha kwa kubanwa na duka, rudi. Mazoezi ya kwaya ni watu, ni pumzi, ni kuimba kwa sauti, na ni jioni ambayo haupo peke yako na sufuria. Hiyo ni tiba ambayo huwezi kuinunua dukani.

Ile chai ya kupunguza mwili itupe. Nyingi huwa na sanamaki au dawa nyingine za kuharisha. Unapungua maji, siyo mafuta, na ukinywa maji kilo zinarudi. Ukiharisha muda mrefu unapoteza chumvi ya potasiamu, na moyo unaitegemea hiyo ili upige sawasawa. Kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, kuharisha kunaweza pia kufanya kidonge kisifanye kazi, ukajikuta na mimba usiyoipanga juu ya mikopo miwili.

Mazoezi hukuuliza, lakini watakuambia tu, tembea jioni. Mimi siwezi kukuambia utembee giza limeingia na mauzo ya siku kwenye mkoba. Tembea asubuhi: shuka Nane Nane au popote penye watu kabla ya kituo chako cha kawaida wakati wa kwenda, siyo wa kurudi. Au saa 8 soko likipoa, zunguka na jirani wa fremu nusu saa. Kutembea hakutakupunguza kilo nyingi, usitegemee hivyo. Kunashusha mawazo na kunaleta usingizi, na hivyo ndivyo unavyovihitaji.

Kuna mambo ambayo hayaponi kwa barua, na ungependeza ukiyashughulikia mwezi huu. Nenda kituo cha afya wapime sukari kabla hujala kitu na wapime presha. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi, au presha ikawa 140 kwa 90 kwenda juu kila wakipima, hayo ni mazungumzo mengine na daktari. Mwambie dawa zote unazotumia. Sindano ya uzazi wa mpango huwaongezea baadhi ya wanawake uzito, na zipo dawa kama prednisoloni na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili ambazo hufungua hamu ya kula. Ukigundua sindano ndiyo chanzo, usiiache kimyakimya, wakubadilishie njia.

Pia lipo tatizo linalotambulika kitabibu: mtu kula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na baadaye kujichukia. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliuweka ulaji huo kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, na una tiba, kubwa ikiwa ni kuzungumza na mtaalamu kwa mpango maalumu. Kwa uliyoniandikia, wewe uko karibu na mstari huo, na wa kuamua kama umeuvuka ni mtu atakayekaa nawe ana kwa ana. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina watu wa afya ya akili. Kwenda huko hakukufanyi kichaa, na huhitaji kumwaga siri zako kwa kila mtu dirishani. Sema umeelekezwa na mtu wa lishe, mengine utamweleza mhusika. Usisubiri wiki mbili za viazi na mayai kama umeanza kujitapisha baada ya kula, au kama kuna usiku umefikiri kwamba afadhali usingekuwepo. Hilo la mwisho ni la kwenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako.

La kilo kwa mwezi nimeliacha makusudi. Kwa miezi miwili ya mwanzo usipande mzani kabisa. Mzani wa duka la dawa ukikuambia umeongezeka nusu kilo Jumatatu, Jumanne utashinda na chai ya rangi, na unajua Jumatano ni siku gani. Ukihitaji kipimo, chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu, andika, rudia baada ya miezi hiyo miwili. Kwa mwanamke, ikizidi sentimita 80 hatari ya sukari na moyo huanza kupanda, kwa hiyo namba hiyo ina maana kuliko kilo 71 ulizokuwa nazo. Kipimo kingine ni ule ukurasa wa nyuma wa daftari: usiku ulioharibika umekuwa mingapi mwezi huu, na ukiharibika, asubuhi yake ulikula? Usiku mmoja ukiharibika na asubuhi ukanywa uji wako kama kawaida, mimi nahesabu umeshinda.

Ukienda kumwona mtu wa lishe, hapo hospitali au wa halmashauri, beba daftari hilo, kadi yako ya uzazi wa mpango kama unayo, na paketi ya ile chai hata kama ni tupu, ili asome kilichoandikwa nyuma yake.